Rangi ya kupimia maziwa imetumika kutazama punje moja ya dhahabu ikifanya kazi. Kwa nini punje hazifanani?

#1 Mpima Maziwa

Wakuu salaam.

Kazi yangu ni kupokea maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Kila alfajiri ni yale yale: nanusa kopo, natumbukiza laktomita, napima kwa alkoholi, na kopo nikilitilia shaka namalizia na resazurini. Kidonge kimoja nakiyeyusha kwenye mililita 50 za maji yaliyokenekwa. Mililita 1 ya rangi hiyo inaingia kwenye mililita 10 za maziwa, kisha tyubu inakaa dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 37. Yakibaki bluu, mfugaji anachukua stakabadhi yake. Yakiwa zambarau tunaongea. Yakiwa waridi au yakirudi meupe, ujue bakteria walishaamka zamani.

Sasa binti yangu anasoma kemia chuoni. Juzi kanisimulia utafiti wa mwaka 2008 wa kundi la Peng Chen, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Walibandika punje za dhahabu zenye upana wa nanomita 6 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni) kwenye kioo, wakapitisha juu yake maji yenye resazurini. Rangi yangu ile ile! Kwangu wanaoigeuza ni bakteria, kwao ni dhahabu ikisaidiana na kemikali iitwayo haidroksilamini. Walitazama kwa hadubini ya nuru na kuhesabu molekuli moja baada ya nyingine ikigeuka.

Lililoninyima usingizi ni hili. Punje zilipikwa pamoja, lakini hazikufanya kazi kwa namna moja. Na hata ile punje moja haikuwa na mwendo mmoja: kuna muda inakwenda mbio, kuna muda inapunguza.

Nauliza mawili. Hadubini ya nuru inaonaje kitu cha nanomita 6? Na kwa nini punje hazifanani?

#2 Kibuyu cha Asali

Natia kambi. Ngoja waje wajuzi.

#3 Mwalimu wa Kidato

Swali la kwanza lina utata mkubwa, mkuu. Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena, Ujerumani, alionyesha kuwa nuru ina mpaka wake. Vitu viwili vikikaribiana zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi la nuru, ukigawa kwa namba ya uwazi wa lenzi (inayoonyesha lenzi inakusanya nuru kwa upana gani), unaviona kimoja. Kanuni hiyo imechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu yake huko huko Jena. Kwa nuru ya kijani ya nanomita 532 na lenzi nzuri ya 1.4, unapata nanomita 190. Dhahabu ya nanomita 6 iko chini ya mpaka huo mara 30 hivi. Kwa hiyo ama binti kakosea, ama walitumia hadubini ya elektroni.

#4 Mzee wa Slaidi

Mwalimu, binti hakukosea. Nimesoma slaidi za malaria na kifua kikuu miaka mingi, nieleze kwa yale ninayoyashika kwa mkono.

Lenzi yangu ya mafuta imechorwa ubavuni 100/1.25, na chini yake 160/0.17. Hiyo 1.25 ndiyo namba ya uwazi anayoitaja mwalimu. Kimelea cha malaria namuona kwa sababu ametiwa rangi ya Giemsa na ni mkubwa kuliko mpaka wa Abbe. Hapo hakuna ubishi.

Kifua kikuu ni habari nyingine. Tunatia auramini, tunawasha taa ya bluu, na kiwanja chote kinakuwa giza. Bakteria wanatokea kama vijiti vya manjano-kijani. Kwa lenzi ya 40 tu nawaona, wakati kwa njia ya zamani ya rangi nyekundu nilihitaji lenzi ya 100 na mafuta. Bakteria hajawa mkubwa. Ila anang'aa na jirani zake hawang'ai. Nyota nayo unaiona kwa macho matupu, na hujui ina upana gani.

#5 Binti wa Kemia

Shikamoo mzee wangu, umenirahisishia.

Nyongeza: resazurini yenyewe inang'aa kidogo sana. Ikipokonywa oksijeni moja inakuwa resorufini, na resorufini ukiimulika kwa nuru ya kijani inarudisha nuru ya chungwa kuelekea nyekundu, kwa nguvu. Kwa hiyo pale Cornell hawakuwa wanaiona dhahabu. Walikuwa wanaona cheche: giza, giza, halafu pap, doa la nuru mahali pale pale, halafu giza tena. Molekuli imezaliwa juu ya dhahabu, imeng'aa ikiwa bado imeng'ang'ania, kisha imeachia na kuchukuliwa na maji. Muda wa giza unakueleza dhahabu inachukua muda gani kuigeuza. Muda wa mwanga unakueleza zao linachukua muda gani kuachia.

#6 Nahodha wa Dagaa

Hebu nijaribu kwa lugha ya ziwani. Usiku tukivua dagaa, ukiwa ufukweni na mitumbwi miwili imekaribiana kule mbali, karabai zao unaziona taa moja. Mwambie mmoja azime. Unanyoosha kidole katikati ya ule mwanga: huyu yuko hapa. Huyu awashe na yule azime: na huyu yuko hapa. Umeshawatenganisha na macho yako ni yale yale. Ni hivyo?

#7 Binti wa Kemia

Nahodha, ni hivyo hasa. Doa la nuru linabaki na upana wake wa nanomita 200 na zaidi, hilo Abbe hakupingwa. Ila katikati ya doa unaweza kupakadiria vizuri zaidi kadiri unavyokusanya chembe nyingi za nuru. Chembe zikizidi mara 100, kosa linapungua mara 10. Sharti ni taa ziwake moja moja. Na kwenye dhahabu zinawaka moja moja zenyewe, kwa sababu kila cheche ni tukio moja la kemia.

#8 Fundi Hadubini

Njia hiyo ya nahodha ndiyo iliyompa Eric Betzig Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, pamoja na Stefan Hell na William Moerner. Betzig alikuwa ameacha sayansi akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya baba yake ya mashine za kukatia vyuma. Aliporudi, yeye na rafiki yake Harald Hess waliunda hadubini yao sebuleni kwa Hess, La Jolla, California. Mwaka 2006 wakatoa picha.

#9 Mwalimu wa Kidato

Fundi, ilikuwa Nobel ya Kemia, si Fizikia. Mengine yako sahihi. Na kila mmoja alikuja na mlango wake: Moerner aliigundua molekuli moja moja kwa nuru mwaka 1989 akiwa kampuni ya IBM. Hell yeye anazima mwanga wa pembezoni kwa miali ya pili iliyoumbwa kama kitumbua chenye tundu katikati. Wazo alilitoa mwaka 1994.

Nakubali pia kwamba #3 nilikosea kumkosoa binti. Mpaka wa Abbe unahusu kutenganisha viwili, hauhusu kuona kimoja kinachong'aa.

#10 Fundi Hadubini

Asante mwalimu, nimerekebishwa. Ni Kemia.

#11 Kibuyu cha Asali

Swali la kwanza limeisha basi. La pili?

#12 Mwalimu wa Kidato

La pili kwangu ni umbo. Punje ya nanomita 6 ina atomu 6,700 hivi, na karibu robo yake ndizo zilizo juu. Atomu iliyo kwenye pembe au ukingo ina majirani wachache kuliko iliyo katikati ya uso tambarare, kwa hiyo mikono yake iko wazi kushika kitu. Punje moja ikiwa na pembe nyingi na nyingine ikiwa imeviringana, hazitafanya kazi sawa. Na dhahabu ya kipande kikubwa ilidhaniwa haifai kabisa kuwa kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha) mpaka miaka ya 1980, Haruta wa Japani alipoonyesha kuwa ikiwa punje ndogo kabisa inachoma kaboni monoksaidi hata kwenye baridi. Ukubwa na umbo ndivyo vilivyobadilika, dhahabu ni ile ile.

Ushahidi wa nuru upo. Mwaka 2006, miaka miwili kabla ya hao wa Cornell, watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walitazama fuwele bapa, kila cheche molekuli moja. Mmenyuko wa kuvunja esta kwa maji ulitokea kwenye nyuso za ubavuni tu. Walipobadilisha mmenyuko, ukatokea kwenye uso wote wa nje. Fuwele ni ile ile, ila kila upande una kazi yake.

#13 Zeolaiti

Naandika kutoka Uholanzi, nipo huku kwa masomo ya vichocheo vya kusafishia mafuta. Mwalimu, umbo peke yake halitoshi, na walioonyesha hivyo ni hao hao wa Cornell. Mwaka 2012 walichukua vifimbo vya dhahabu, wakavivika ganda la silika (madini ya mchanga) lenye matundu, wakapitisha resazurini na kuchora ramani ya cheche kwenye fimbo moja moja. Kwa hesabu yako ya pembe, ncha zingetangulia na ubavu ungekuwa sawa mwanzo mpaka mwisho. Haikuwa hivyo. Ubavuni utendaji ulikuwa mkubwa katikati ya fimbo na ukapungua taratibu kuelekea ncha zote mbili, ingawa uso wa ubavu ni wa aina moja.

Maelezo yao ni kasoro. Fimbo inaanzia kwenye mbegu katikati, mwanzoni inakua haraka na kujijenga ovyo, kisha inatulia. Kwa hiyo katikati kuna kasoro nyingi za mpangilio wa atomu, na penye kasoro ndipo penye kazi. Kama ukuta uliojengwa kwa haraka, tofali hazikukaa vizuri.

#14 Binti wa Kemia

Kaka Zeolaiti, sahihisho dogo. Kwenye vifimbo vya 2012 hawakuanza na resazurini. Walitumia kemikali iitwayo amplex red pamoja na haidrojeni peroksaidi. Inayozaliwa mwisho ndiyo resorufini ile ile, ndiyo maana cheche zinafanana, ila njia ni kinyume: huku molekuli inaoksidishwa, yaani inapokonywa elektroni, kule resazurini inapokonywa oksijeni. Ni muhimu kwa sababu kasoro inayosaidia njia moja si lazima isaidie nyingine.

#15 Zeolaiti

Ni kweli dada, nimechanganya. Asante.

#16 Nyundo na Spana

Mimi ni fundi magari, nimesoma hapa kimya nikaona na mimi nina cha kusema. Masega ya ekzosi, yale ya kusafishia moshi wa gari, si ni kichocheo hicho hicho? Platinamu, paladiamu na rodiamu zimepakwa kwenye kuta za vitundu.

Nimefungua masega mengi. Sega moja, kipande kile kile, unakuta upande wa mbele umeyeyuka na kuziba, wa nyuma mzima kabisa. Au ubavu mmoja mweusi, wa pili kijivu safi. Gari moja, mafuta yale yale. Ukiuliza kipimo pale mwisho wa bomba unapata jibu moja tu, "hewa chafu". Hakikuambii ni tundu lipi limekufa. Watu wanayang'oa kuyauza kwa sababu ya bei, na gari linabaki linatoa moshi mbichi kwenye barabara ya watoto wetu. Linaniuma sana hilo.

#17 Mwalimu wa Kidato

Fundi, mfano wako una chakula. Joto kali huzifanya punje za metali kutembea na kuungana, zinakuwa kubwa na chache, uso wa kufanyia kazi unapungua. Na risasi ndiyo sumu kubwa ya masega. Petroli ya risasi ilikuwa ikiyaua kabisa, mpaka ilipoondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006.

#18 Mkaazi wa Kinangop

Nauliza kama mkulima, msiniche­ke. Mnasema kichocheo hakiishi, kinabaki vile vile mwisho wa kazi. Hivyo ndivyo tulivyoandika daftarini. Sasa mbona hapo #1 punje moja inabadilika mwendo ikiwa kazini?

#19 Binti wa Kemia

Hakuna wa kukucheka, umegusa kiini. Hiyo ndiyo maelezo ya tatu, na ndiyo waliyoyatoa wenyewe mwaka 2008: uso wa dhahabu haukai. Atomu za juu zinajipanga upya, nyingine zenyewe, nyingine kwa sababu kitu kimezishika na kuziachia. Kila molekuli inayotua inazivuta kidogo. Walifuatilia punje moja moja wakaona mwendo unapanda na kushuka kwa makumi mpaka mamia ya sekunde. Baadaye walilinganisha punje za ukubwa tofauti, na ndogo ndizo zilizojipanga upya zaidi.

Kwa hiyo daftari letu lilisema kweli juu ya hesabu ya mwisho: dhahabu haipungui. Lakini katikati ya kazi uso wake hautulii.

Hata vimeng'enya, vichocheo vya ndani ya mwili hai, viko hivyo. Mwaka 1998 kundi la Sunney Xie lilitazama kimeng'enya kimoja kimoja cha kolesteroli oksidezi. Kina sehemu inayong'aa kikiwa katika hali moja na kuzimika katika nyingine, kwa hiyo kinawaka na kuzima kila kinapomaliza mzunguko. Wakaona kinakumbuka: mzunguko mrefu huelekea kufuatwa na mzunguko mrefu, mfupi na mfupi. Na kimeng'enya hakina pembe wala kasoro za fuwele.

#20 Zeolaiti

Hapo ndipo siwezi kukubali moja kwa moja. Kimeng'enya ni mnyororo laini unaojikunja, dhahabu ni metali. Kufanana kwa grafu hakumaanishi kuwa chanzo ni kimoja.

#21 Binti wa Kemia

Sijasema chanzo ni kimoja, kaka. Nimesema mwendo usio sawa si ushahidi wa kasoro.

#22 Jiko la Maabara

Mmesahau uchafu. Nimepika dhahabu hizi mwenyewe kwa njia ya Turkevich ya mwaka 1951: chumvi ya dhahabu inachemka, unamimina sitreti, baada ya dakika chache maji yanapita kijivu, zambarau, mpaka mekundu kama juisi ya rozela. Yanapendeza sana. Sitreti hiyo hiyo inabaki imevaa punje, ndiyo inayozizuia zisigandamane. Punje moja inaweza kubaki na vazi zito, nyingine ikaoshwa ikabaki wazi. Mtu akitazama anasema dhahabu hazifanani, kumbe zisizofanana ni nguo.

Siku moja nilisahau kuosha vyombo vizuri kabla ya kupika. Toleo zima likatoka zambarau, na sikuwa nimebadilisha kipimo hata kimoja.

#23 Mzee wa Slaidi

Jiko la Maabara kanikumbusha la tano. Je, tunachokiona ndicho kilichotokea? Auramini nimeishi nayo. Slaidi ikikaa chini ya taa muda mrefu, kijiti kinafifia mpaka kinapotea, na bakteria bado yupo pale. Sasa cheche ikizimika, utajuaje kuwa molekuli imeondoka na si kwamba imechoshwa na leza? Na mahali zao linaponata si lazima pawe mahali lilipozaliwa.

#24 Mpima Maziwa

Nimesoma yote, ahsanteni sana. Sikutegemea mpaka wa masega aje.

Niongeze kitu cha kituoni kinachomuunga mkono mzee. Chupa yangu ya resazurini naifunika kwa karatasi ya giza na siiweki dirishani, na rangi ya jana siitumii leo. Tulifundishwa hivyo kwa sababu jua linaiharibu rangi. Ikiwa jua tu linaigusa, leza ya kijani itaiachaje?

#25 Binti wa Kemia

Mpima Maziwa, hilo ni swali la mtafiti kabisa. Ndiyo maana majaribio ya aina hii hurudiwa bila punje, kisha bila haidroksilamini, kisha kwa leza iliyopunguzwa nguvu. Cheche zikipungua kwa kiasi kile kile ulichopunguza leza, ujue leza ndiyo inayokufanyia kemia. Na uchovu wa rangi nao hupimwa hivyo hivyo: ukipunguza nuru, muda wa cheche ukarefuka, ilikuwa inachomwa. Usiporefuka, ilikuwa inaondoka yenyewe.

#26 Jiko la Maabara

Hilo linaondoa leza. Haliondoi nguo.

#27 Zeolaiti

Wala haliondoi kasoro.

Nieleze ninayoyaona kila wiki. Kichocheo cha kupasulia mafuta mazito huja kama unga, kila punje ina mikromita 50 mpaka 150, hizo ni kubwa sana ukilinganisha na dhahabu ya mpima maziwa. Ndani ya punje kuna vipande vya zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, vimetapakaa kwenye udongo. Kundi la Bert Weckhuysen, Utrecht, lilionyesha mwaka 2011 kuwa ukizitia thiofini au stirini, molekuli hizo zinaungana na kung'aa pale tu penye asidi kali. Nami nafanya kazi inayofuata njia hiyo. Namimina chembe chache za unga kutoka chupa moja, natia rangi, naweka chini ya hadubini. Moja inawaka kama kaa la moto lililopulizwa. Iliyogusana nayo ni nyeusi tii. Ya tatu imewaka nusu.

Hapa tunajua sababu mojawapo: kwenye kiwanda unga unazungushwa na mpya unaongezwa kidogo kidogo, kwa hiyo chupa moja ina punje za jana na punje za miezi mingi iliyopita. Umri haufanani. Lakini hata unga mpya ambao haujaingia kiwandani, haziwaki sawa.

#28 Mkaazi wa Kinangop

Kama ng'ombe wangu. Mama mmoja, majani mamoja, huyu lita kumi, huyu nne.

#29 Nahodha wa Dagaa

Mkaazi, ng'ombe mpe chumvi.

#30 Kibuyu cha Asali

Jamani tusipotee. Na naomba kuuliza: ni hadubini au darubini? Mnaandika hadubini wote, mimi shuleni niliambiwa darubini.

#31 Mwalimu wa Kidato

Darubini ni ya kutazamia mbali, hadubini ni ya vitu vidogo. Na wakati tupo hapo: kichocheo ni jina la jumla, kimeng'enya ni kichocheo cha ndani ya mwili hai. Bakteria wa Mpima Maziwa wanatumia vimeng'enya, dhahabu ni kichocheo tu.

Na Jena ina mambo. Nusu karne kabla ya Abbe, mji ule ule, mkemia Döbereiner alipuliza haidrojeni juu ya sifongo ya platinamu mwaka 1823, ikawaka moto bila kiberiti. Akaitengenezea taa, watu wakaitumia nyumbani kuwashia moto. Jina la vichocheo lenyewe halikuwepo mpaka mkemia Berzelius wa Sweden alipolitoa mwaka 1835. Mji mmoja umetoa sifongo ya platinamu na kanuni ya hadubini, na wenyewe hawakuwahi kukutanishwa mpaka zama zetu hizi.

#32 Fundi Hadubini

Mwalimu, hili la Jena nilikuwa silijui. Limenifurahisha.

Ila narudi kwenye hoja yako ya #3, mbona hakuna aliyejibu kuhusu elektroni? Hadubini ya elektroni inaonyesha atomu kabisa. Si ingemaliza ubishi wa pembe na kasoro?

#33 Zeolaiti

Inaonyesha pembe, fundi. Lakini kwa kawaida inataka ombwe, yaani mahali pasipo hewa, na elektroni zenyewe zinaichokoza sampuli. Nuru inakuachia punje ikiwa ndani ya maji, inafanya kazi, kwa joto la chumbani. Kwenye vile vifimbo walitumia zote mbili: cheche kwa nuru, kisha umbo la fimbo zile zile kwa elektroni, wakazipachika ramani moja juu ya nyingine. Kasoro za kila atomu ndani ya fimbo hazikuonekana hata hivyo. Zilikisiwa kutokana na jinsi fimbo inavyokua.

#34 Jiko la Maabara

Umeona? Zilikisiwa. Na vifimbo vilivikwa silika. Ganda likiwa jembamba katikati kuliko nchani je?

#35 Zeolaiti

Unene wa ganda unaonekana kwa elektroni, hilo si la kukisia. Njoo na lingine.

#36 Nyundo na Spana

Wakuu, jana usiku nilijaribu. Nina kile kitochi cha leza ya kijani cha kuelekezea. Jirani yangu anafanya kazi ya maziwa, kanipa rangi kidogo. Nikaweka maji kwenye glasi mbili, nikatia rangi zote mbili. Moja nikaongeza hamira na sukari kidogo, nikaacha mpaka ikawa waridi na hamira ikatuama chini. Nikazima taa. Kwenye glasi ya bluu mstari wa leza ulikuwa hafifu, unakufa njiani. Kwenye ya waridi mstari wote ukawaka rangi ya chungwa ndani ya maji, wakati leza yenyewe ni ya kijani! Mke wangu na watoto wote wakaja kuangalia.

#37 Mzee wa Slaidi

Hongera fundi, umeiona resorufini kwa macho yako. Ila leza hiyo usiielekeze kwenye jicho la mtu, hata ikigonga glasi na kurudi inadhuru. Watoto wasimame nyuma yako.

#38 Nyundo na Spana

Nimekusikia mzee wangu, shukrani.

#39 Mpima Maziwa

Fundi umeniamsha, nami nikakaa na tyubu zangu leo baada ya wafugaji kuondoka.

Nilichukua maziwa yaliyokataliwa, nikayaacha kwenye maji ya moto muda mrefu kupita kawaida. Bluu, zambarau, waridi, kisha meupe kabisa. Lakini juu kabisa, palipogusana na hewa, palibaki ukanda wa waridi, mwembamba kama unene wa shilingi. Nikaziba kwa kidole gumba nikatikisa: maziwa yote yakarudi waridi. Nikaacha, yakawa meupe tena, ukanda ukabaki juu. Nimerudia mara nne. Bluu haikurudi hata mara moja.

#40 Binti wa Kemia

Ni vizuri mno. Hatua ya kwanza, bluu kwenda waridi, hairudi: oksijeni ile imeshatoka. Hatua ya pili, waridi kwenda meupe, inarudi oksijeni ya hewa ikiingia. Kwa hiyo ukanda wako ni mpaka kati ya hewa inayorudisha rangi na bakteria wanaoiondoa. Na kwa wanaohesabu cheche ni onyo lingine: resorufini ikisonga hatua ya pili inazimika ikiwa bado imekaa pale pale juu ya dhahabu.

#41 Jiko la Maabara

Kwa hiyo sasa tuna umbo, kasoro, uso unaohama, nguo, uchovu wa rangi, na hatua ya pili. Mimi bado niko kwenye nguo.

#42 Mwalimu wa Kidato

Nami kwenye umbo, ingawa vifimbo vimenitikisa.

#43 Mpima Maziwa

Nina jambo moja sikulisema #1 kwa sababu nililiona dogo. Nikigawa kopo moja kwenye tyubu mbili, nikaziweka kwenye beseni lile lile, tyubu ya kushoto hutangulia kuwa waridi karibu kila siku. Maziwa mamoja, kipimo kimoja cha rangi, dakika zile zile. Miaka yote nimekuwa nikisoma ya kulia na kuandika.

#44 Mzee wa Slaidi

Hita ya beseni iko upande gani?

#45 Mpima Maziwa

Kushoto.

#46 Mzee wa Slaidi

Weka thamometa mbili, moja kila upande. Halafu siku inayofuata badilisha tyubu nafasi, ya kushoto iende kulia. Usibadilishe kingine chochote.

#47 Jiko la Maabara

Na tyubu zenyewe zioshwe pamoja, kwa maji mamoja.

#48 Mpima Maziwa

Thamometa ninayo moja, ya pili nitaazima zahanati. Naanza kesho alfajiri na kopo la kwanza, matokeo nitayaweka hapa.